Kwa nini kikapu cha fito hulegea kikikauka: jibu kwa msusi wa kiondo anayejifunza msuko wa Wakaruk na Wahupa

Swali: "Mimi ni mwanamke wa Ukambani, kiondo nilifunzwa na mama kabla sijaanza shule. Sasa naishi kaskazini mwa California. Niliona kofia za kusuka za wanawake wa Kikaruk na Kihupa, makabila ya wenyeji asilia wa huku, katika jumba la makumbusho la Eureka, nikatambua msuko wetu ule ule wa nyuzi mbili zinazopishana. Nikaenda mtoni, nikakata fito za mwerebi na kuanza kusuka siku hiyo hiyo kwa rafia. Nilipomaliza kikapu kilikuwa kimebana vizuri. Baada ya wiki tatu fito zinacheza, nikikiinua dirishani naona mwanga, na ukuta umelala nje ingawa nilitaka usimame. Tena rangi niliyoiweka nje inaonekana hadi ndani, wakati kofia zile ndani hazina pambo. Nimeambiwa wenyewe hupaka utomvu ndani ili kikapu kishike maji. Je, ninunue fito ngumu zaidi? Nizichemshe? Naweza kwenda kuchuma vifaa kwenye misitu ya huko? Na je, ni vibaya mimi kusuka kofia kama ile?"

Dada, jicho lako limeona sawa. Kiondo na kofia ya Kikaruk ni ndugu kwa ufundi: mtande umesimama, nyuzi mbili za mshindio zinapita moja mbele na moja nyuma ya kila mtande, kisha zinapishana kabla ya kufika mtande unaofuata. Wahupa wa bonde la Hoopa kando ya mto Trinity, Wakaruk wa sehemu ya kati ya mto Klamath, na jirani zao Wayurok walio chini zaidi kwenye mto huo, wote husuka vikapu vyao vya jadi kwa njia hii ya kupota. Lugha zao tatu ni za asili tofauti kabisa, lakini vikapu vyao vinafanana kiasi kwamba hata mtunza makumbusho mzoefu mara nyingi hawezi kusema kipi kimetoka wapi kama hajui jina la msusi.

Unadhani mikono yako ndiyo imekosea. Haikukosea. Kikapu kiliharibika kabla hujapita safu ya kwanza, pale ulipokata ufito na kuusuka ukiwa mbichi. Katika kiondo mtande ni kamba laini ya katani. Ukivuta, nayo inabonyea na kukubali, na kwa kuwa ni kavu tangu mwanzo, mbano ulioupata leo utaukuta kesho. Kwenye mto Klamath mtande ni ufito wa mti mzima, na mti una tabia zake ambazo vidole haviwezi kuzishinda.

Ufito mbichi una maji ya aina mbili: yaliyojaa ndani ya seli, na yaliyofyonzwa na kuta za seli zenyewe. Yale ya ndani yakiondoka, ufito haubadiliki umbo. Yale ya kwenye kuta yakianza kutoka, ufito unasinyaa, na unasinyaa kwa upana. Urefu hupungua kidogo mno. Kwa miti mingi upana hupungua kati ya asilimia 3 na 10 kutoka ubichi hadi ukavu, na ganda likiwa bado limeshika hali huwa mbaya zaidi. Piga hesabu ya kikapu kidogo chenye fito 48 za milimita 3. Kila ufito ukipungua robo milimita tu, mzunguko mzima umepata nafasi tupu ya milimita 12. Huo ndio mwanga uliouona dirishani. Rafia nayo ilizidisha tatizo, kwa sababu ni utepe wa jani: ni laini, inabonyea, inanyooka kidogo ikivutwa, na haina ugumu wa kuushika ufito unaotaka kuchomoka.

Kwa hiyo nianze na hatua ambayo wasusi wa huko huihesabu kuwa kazi kubwa kuliko kusuka kwenyewe, yaani maandalizi.

Ufito unaopendwa zaidi ni wa haseli, kichaka cha jamii ya Corylus cornuta kinachoota chini ya misitu ya milimani. Haseli iliyoachwa miaka mingi hutoa matawi yaliyopinda, yenye vifundo na yaliyotobolewa na wadudu. Kila kifundo ni mahali ufito utakapovunjika ukikunjwa. Kichaka kikiunguzwa, shina lililo chini ya udongo linabaki hai na kuchipua upya, na chipukizi hizo hukimbilia juu zikiwa zimenyooka, bila matawi, unene ukipungua taratibu kutoka chini hadi nchani. Kwa kawaida huchumwa majira ya kuchipua ya pili baada ya moto. Ndiyo maana watu wa Klamath walikuwa wakiunguza misitu yao kwa mpango tangu zamani, na ndiyo maana marufuku ya serikali dhidi ya moto huo, iliyokaza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, iliwaumiza wasusi moja kwa moja: msitu ulijaa haseli, ila fito za kusuka zikaadimika. Leo Wakaruk na Wayurok wamerudisha sehemu ya uunguzaji huo, baada ya kuudai kwa miaka mingi.

Wakati wa kuchuma ni mfupi, wiki chache za Aprili na Mei, majani yanapoanza kufunguka. Maji ya mti yanakuwa yanapanda, na ganda huteleza likivutwa. Ukichelewa, ganda linashika na utalazimika kulikwangua kwa kisu, jambo linalojeruhi uso wa ufito. Maganda huvuliwa siku hiyo hiyo au siku inayofuata. Baada ya hapo fito hutandazwa juani na kugeuzwa ili zikauke pande zote, kisha hupangwa kwa unene na urefu na kufungwa matita. Hupumzishwa hadi zikauke kabisa, mara nyingi hadi majira ya baridi au mwaka unaofuata. Nyembamba kabisa hutengwa kwa kofia, za kati kwa vikapu vya kupikia na kuhifadhia, nene kwa matenga ya mgongoni na vikapu vya kubebea watoto wachanga. Usidharau kupanga kwa unene. Ufito mmoja mnene katikati ya nyembamba hulazimisha mshindio kuruka, na safu zote zitakazofuata zitabeba kasoro hiyo hadi juu.

Mwerebi uliokata wewe nao wanautumia sana, kwa hatua zile zile. Mti ulichagua vizuri. Kosa lilikuwa ganda kubaki na kutosubiri.

Sasa mshindio. Hapa ndipo kikapu cha Klamath kinapopata nguvu zake, na ni sehemu isiyoonekana kwa mtazamaji anayevutiwa na pambo. Nyuzi za kupota ni mizizi ya miti, hasa sprusi ya pwani na misonobari ya milimani, na pia mizizi ya mwerebi. Huchimbwa ile mirefu iliyolala chini ya udongo laini, michache kwa kila mti, na shimo hufukiwa. Mizizi ya msonobari huokwa polepole chini ya majivu au mchanga wa moto ili ilainike na kupasuka bila kukatika. Kisha hupasuliwa katikati, kila nusu hupasuliwa tena, na hivyo hivyo hadi upate utepe mwembamba, ambao hukwanguliwa uwe na upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu anayeanza hupoteza mizizi mingi hapa, kwa sababu ufa hauendi katikati bali hukimbilia upande mmoja na kuutoa utepe nje. Siri iko kwenye mkunjo. Ufa hufuata upande unaokunjwa zaidi. Basi ukiona upande wa kushoto unakuwa mwembamba, ulegeze, uukunje zaidi ule wa kulia ulio mnene, na ufa utarudi katikati. Fanya mapema. Utepe ukishafikia robo ya unene hauokoleki.

Mizizi iliyokwisha kupasuliwa huviringishwa na kukaushwa kabisa, na siku ya kusuka hurudishiwa unyevu. Neno la kushika hapo ni unyevu, kwa maana ya kidogo. Wengi hutoka kwenye ukindu na miyaa wakiwa na mazoea ya kuloweka usiku kucha. Mzizi ukiloweka hivyo unavimba hadi mwisho, unaubana ukiwa umevimba, halafu unakauka na kuacha pengo; tena ukikaa majini mno unaota madoa meusi yasiyotoka. Chovya dakika chache hadi ukubali kuzunguka kidole bila kulia, ufunge kwenye kitambaa kibichi, utoe uzi mmoja mmoja unapouhitaji. Ufito usiuloweke kabisa isipokuwa mahali unapotaka kuukunja.

Ukifuata hayo, ukavu unaanza kukusaidia badala ya kukusaliti. Ufito ulishamaliza kusinyaa, hauna pa kwenda. Mzizi uliovutwa ukiwa na unyevu kidogo unakakamaa katika umbo la mpoto, kila kona yake ikimfuata jirani, na hauko tayari kunyooka tena.

Ukuta uliolala nje una sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ufito umenyooka kwa asili na unataka kurudi hivyo; kamba ya kiondo haina ubishi huo, hufuata mkono. Ya pili ni mshindio mnene kuliko nafasi iliyopo kati ya fito: kila unapopita unazisukuma mbali, na mzunguko unapanuka safu kwa safu bila wewe kujua. Kitako kikifika upana unaoutaka, acha kuongeza fito. Lowesha mahali pa kukunja kwa kitambaa chenye maji ya moto kwa dakika kumi hivi, kunja fito zote juu polepole, zifunge pamoja nchani kwa uzi, ziache siku nzima zikauke zikiwa zimesimama. Kisha pita safu moja au mbili za kupota kwa nyuzi tatu badala ya mbili: kila uzi unapita mbele ya fito mbili na nyuma ya mmoja, zamu kwa zamu. Mpoto wa nyuzi tatu ni mzito na haupanuki, nao ndio wasusi wa huko huuweka kwenye kiini, kwenye kona ya kitako na ukuta, na popote penye kuhitaji kushikwa. Baada ya hapo rudi kwenye nyuzi mbili.

Kuhusu pambo kuonekana ndani, hapa kuna tofauti ya kweli na kiondo, na napenda uielewe vizuri kwa sababu ndiyo sahihi ya vikapu hivi. Wewe ulisuka kwa nyuzi zenye rangi, kama tunavyofanya nyumbani, na uzi wa rangi ukipita nyuma lazima uonekane nyuma. Wao hawabadilishi uzi. Juu ya mzizi wanalaza utepe mwembamba wa pambo, ukiwa umeegemea uso wa nje wa mzizi, na viwili hivyo husafiri pamoja. Vikipita mbele ya ufito, pambo linatazama nje na kuufunika mzizi. Vikipita nyuma, msusi hauachi utepe ugeuke; unabaki upande wake ule ule, kwa hiyo sasa umebanwa kati ya mzizi na ufito, na ndani kunaonekana mzizi mtupu. Mpoto ni nusu mzunguko tu. Kuna watu wengine wa kaskazini-mashariki mwa California wanaouzungusha mzima, na kwao pambo hutokea pande zote mbili. Basi ukikuta kikapu cha pambo la namna hii kilicho safi ndani, umepata dalili nzuri ya kwamba kimetoka Klamath ya chini au jirani zake.

Kwa vidole, jambo hili linahitaji kidole gumba kukaa juu ya utepe kila unapopishanisha. Ukiinua gumba, utepe unabingirika, na doa jeupe linatokea ndani. Usiuvute utepe kwa nguvu ile ile ya mzizi. Kazi ya kubana ni ya mzizi; utepe unafuata tu.

Rangi zenyewe ni za mimea, hazipakwi. Nyeupe ni nyasi za dubu, Xerophyllum tenax, zinazochumwa kiangazi milimani, majani machanga ya katikati, hasa mahali palipoungua mwaka uliotangulia kwa sababu hapo huwa membamba na laini. Huanikwa juani hadi zing'ae, kisha kingo zake zenye meno na mshipa wa katikati huondolewa. Nyeusi inayometa ni bua la kangaga mdogo, Adiantum aleuticum. Bua hilo ni jeusi upande mmoja na la kahawia upande mwingine, hupasuliwa na kutumika ule mweusi. Ni dhaifu, likikauka linakatika kwenye mkunjo, kwa hiyo hulazwa katika kitambaa kibichi muda wote. Nyekundu ya kutu ni nyuzi za kangaga mkubwa, Woodwardia fimbriata. Bua lake likipondwa hutoa nyuzi mbili ndefu bapa, ambazo hutiwa rangi kwa ganda la ndani la mti wa alda; zamani msusi alilitafuna ganda hilo na kuupitisha uzi mdomoni. Njano ni miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi kwa laikeni ya Letharia, aina ya kuvu inayoota kwenye magome ya miti. Ukipata nafasi ya kuona vikapu vidogo vyenye vifuniko vya Elizabeth Hickox, aliyeishi 1872 hadi 1947 na kusuka kando ya mto Salmon na Klamath, tazama jinsi njano hiyo ilivyokaa juu ya nyeusi ya kangaga, na jinsi alivyopunguza fito moja moja ili bega la kikapu liingie ndani bila pengo hata moja.

Habari ya utomvu si kweli kwa watu hawa. Kuna makabila ya maeneo makavu ya Marekani yanayopaka utomvu kwenye vyombo vya maji, lakini kikapu cha kupikia cha Wakaruk au Wahupa kinashika maji kwa msuko peke yake. Mizizi ikilowa huvimba na kuziba nafasi ndogo zilizobaki, na uji wa mbegu za mwaloni, chakula chenyewe, huacha wanga unaojaza vitundu. Ndani yake hutumbukizwa mawe yaliyochomwa motoni, nayo hukorogwa bila kupumzika yasije yakaunguza kitako. Unaona sheria ni ile ile iliyokuharibia kazi: maji huvimbisha, ukavu husinyaza. Kikapu kilichosukwa kikavu kitabana zaidi kikilowa. Kilichosukwa kimelowa hakina pa kubania.

Sasa nijibu maswali yako moja kwa moja. Fito ngumu zaidi usinunue. Ugumu unaongeza ubishi wa ukuta na hauzuii kusinyaa. Kuchemsha kunasaidia kuvua ganda nje ya msimu, na baadhi ya watu hufanya hivyo kwa mwerebi, lakini hugeuza rangi ya ufito na bado itakubidi uukaushe kabisa baadaye. Hakuna njia ya mkato inayochukua nafasi ya kukausha.

Ningekushauri ujifunze kwa henzirani ya dukani kwanza, kabla ya kugusa mzizi wa mti wowote. Nunua ya mviringo, milimita 2.5 kwa mtande na isiyozidi milimita 2 kwa mshindio. Kata fito 12 za sentimita 45, na nyingine 24 za sentimita 22 zilizochongwa ncha moja. Laza 6 juu ya 6 kwa msalaba, zifunge kwa kupota kuzunguka msalaba safu mbili, kisha zitenganishe mbili mbili, halafu moja moja, upate ncha 24. Nafasi wazi kati ya ncha mbili ikikaribia milimita 4, ongeza ufito. Hiyo itatokea kitako kikiwa na kipenyo cha sentimita 5 hivi. Ongeza 12, mmoja kila baada ya ncha mbili, ukiusukuma ncha yake iliyochongwa kando ya ufito wa zamani hadi upite safu tatu au nne. Kwenye sentimita 7 ongeza fito 12 zilizobaki, mahali ambapo hukuongeza mara ya kwanza. Kwenye sentimita 8 kunja ukuta kama nilivyoeleza.

Uzi ukiisha, usiunge nyuzi zote mbili mahali pamoja. Ingiza mpya sambamba na wa zamani kwa fito mbili au tatu, ncha zibaki ndani, uzikate kikapu kikishakauka. Kila baada ya safu tatu shindilia chini kwa ncha butu ya mfupa au mti. Rafia yako usiitupe: haifai kuwa mshindio, lakini kama utepe wa pambo wa kujifunzia inafaa sana, maana haibebi mzigo wowote. Juu malizia kwa safu mbili za nyuzi tatu, acha kikauke siku kadhaa, kisha kata ncha za fito usawa na safu ya mwisho. Kofia za Klamath humalizwa hivyo, bila ukingo wa kushonea, na ukikata kabla ya kukauka safu ya juu itafumuka.

Kile kikapu kilicholegea kina nafuu. Fito zake sasa zimekauka, na hilo ndilo ulilokosa mwanzo. Nyunyizia mshindio maji kidogo, shindilia safu zote kuelekea kitako, na utapata nafasi juu ya kuongeza safu kadhaa. Hakitakuwa imara, ila kitakuonyesha mengi.

Kuhusu kuchuma, hapa nakuomba uwe mwangalifu. Ardhi ya bonde la Hoopa ni ya kabila la Wahupa, na huchumi humo bila ruhusa yao. Misitu ya taifa ya Six Rivers na Klamath ni ya serikali, ina taratibu za kuchuma mimea. Utaratibu wa wasusi wa asili haukuhusu wewe, kwa hiyo uliza ofisi ya msitu kabla ya kwenda. Hata ukiruhusiwa, sehemu nzuri za haseli na nyasi za dubu ni chache, zinatunzwa na familia zinazozitegemea, na mgeni akichuma mahali palipounguzwa kwa jasho la wengine amewanyima msimu mzima. Panda mwerebi au haseli nyumbani kwako. Ukate hadi chini majira ya baridi, na mwaka unaofuata utachipua fito zilizonyooka vya kutosha kwa kujifunza.

Usiweke mdomoni ufito au mzizi usioujua ulikotoka. Wasusi hutumia meno kama mkono wa tatu, na dawa za kuua magugu zilizonyunyizwa kando ya barabara na kwenye misitu ya mbao zilikuwa miongoni mwa sababu zilizowakutanisha kuunda Chama cha Wasusi wa Vikapu wa Kihindi wa California (Wahindi hapa ni wenyeji asilia wa Marekani, si watu wa India) mwaka 1992. Kando ya mto Klamath pia palikuwa na hofu ya sumu ya mwani iliyotokana na maji yaliyotuama kwenye mabwawa. Mabwawa manne makubwa yaliondolewa, kazi ikakamilika 2024. Kwenye vichaka vya haseli huota mmea wenye majani matatu matatu unaowasha ngozi vibaya, hata bua lake likiwa tupu wakati wa baridi. Vaa mikono mirefu, kagua kupe ukirudi. Uso ukivimba au upele ukifika machoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Je, ni vibaya kusuka kofia? Kujifunza mpoto na pambo la nusu mzunguko si vibaya. Ufundi unaujua tayari. Kofia yenyewe ningeiacha. Huvaliwa na wanawake na wasichana katika ngoma zao za ibada mpaka leo, na michoro yake ina majina. Suka bakuli, suka kikapu cha vitunguu, tumia michoro ya Ukambani uliyorithi. Ukija kuuza, useme wazi umekisuka wewe na unatoka wapi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu sanaa za Wahindi inakataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na Wahindi wakati sivyo, na adhabu yake ni kubwa.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi hayatakufundisha: kupasua mzizi, na mkazo wa gumba juu ya utepe. Hayo yanahitaji uketi kando ya mtu anayejua. Anza na jumba la makumbusho la kabila lililoko Hoopa na lile la Clarke ulilotembelea Eureka. Uliza kama kuna msusi anayefundisha wageni na kwa masharti gani. Majibu yakiwa hapana, heshimu. Yakiwa ndiyo, nenda na kikapu chako kilicholegea na kiondo kimoja kizuri, uwaonyeshe vyote viwili, na uwaachie wao waamue pa kuanzia.